Viua Kumi na Tisa

Kwanza aliuona uzi.

Jina la mumewe lililoandikwa kwa wino kwenye ukanda wa mkoba, Shukriya hakuliona. Vumbi jekundu lililojaa mikunjo hakuliona. Aliuona uzi wa kijani, uzi wa kushonea vifungo vya kijeshi, umezungushwa kwenye kofia aliyoishona yeye kwa mkono wake. Na yeye uzi wa kijani hakuwa nao nyumbani hata siku moja.

Ndipo alipoutoa ule ukelele uliotufungia ukurasa wiki iliyopita, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Wadha, Ibra.

Wewe uliyekosa gazeti, shika haya machache. Humoud, mume wa Shukriya, ni askari katika vita vya Dhofari, kusini mwa Omani. Juzi kaka yake, Ghanim, naye askari, kaja na mkoba wa Humoud na maneno yasiyojaa kiganja: gari lilikanyaga bomu, Humoud kafa, kazikwa huko huko, siku ya tatu tangu arudi kambini kutoka likizo ya Idd. Jana Shukriya kaogeshwa na kavishwa nguo za eda. Leo mchana Bi Turkiya, jirani aliyewakalisha eda wajane wa mtaa mzima, kaufungua mkoba ili nguo zipewe masikini, na kofia ikaanguka miguuni mwa mjane.

"Mshike!" Bi Turkiya alimwambia Bi Wadha. "Mshike asije akajiangusha. Wakiona nguo ndivyo wanavyokuwa wote."

"Siyo..." Shukriya alianza.

"Lia, mwanangu." Mama mkwe alikuwa keshamkumbatia. "Lia. Tangu juzi hukutoa chozi, nilikuwa nakuogopea."

"Mama, hii kofia..."

"Najua."

"Hujui, mama. Hii kofia ilikuwa haijesha."

"Hata mwanangu alikuwa hajesha kuishi," alisema Bi Wadha.

"Mama, hajafa!"

Wanawake wawili wale wakatazamana juu ya kichwa chake.

"Mjane wa marehemu Zuhair naye alisema hivyo hivyo," Bi Turkiya alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka jikoni. "Wiki mbili akimpakulia mumewe chakula. Atapoa. Hebu hiyo kofia itoke mbele ya macho yake."

Kofia ikatiwa sandukuni. Kufuli likalia. Bi Wadha akafuta macho kwa ukaya wake, akatoka kwenda kuwapokea wanawake waliokuja kuhani. Shukriya akabaki mkekani, na aliyotaka kuyasema bado hajayasema.

Hakuwa msemaji, na hilo ndilo lililomponza. Mapinduzi ya Unguja yalimkuta darasa la nne, na skuli ikaishia hapo. Alipotimia miaka kumi na saba mjomba wake alimchukua akamleta Omani. Mama yake, Bi Azza, alibaki kwa kukosa karatasi za safari, na tangu siku hiyo Shukriya alikuwa akisemea moyoni zaidi kuliko mdomoni.

Ukimuuliza anachokikosa Ibra, hatakwambia. Tende ziko. Maji ya falaji, mfereji wa mtaa, yanapita nyuma ya ukuta wa uwani, safi, ya bure. Kinachomkera ni jambo dogo: huku nguo hukauka kabla hujamaliza kuzianika. Kwao nguo zikianikwa zitaanuliwa mara tatu kwa siku kwa ajili ya mvua, na mama yake dirishani akipiga makelele mtaa mzima usikie: "Shuku! Manyunyu hayo! Kimbia!" Alikuwa akiona haya. Sasa mwaka wa nne, hakuna aliyemwita akaanue nguo.

Humoud alimwahidi kumleta mama huyo. Na sasa Humoud wanasema kafa.

Lakini kofia ilisema vingine.

Alianza kuishona mwezi wa Rajabu, aivae Idd. Kofia ya viua haina haraka. Unatoboa kitambaa kwa sindano nene, kisha kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kikaze, kimoja kimoja, mia nne na zaidi. Idd ikafika mkono haujamaliza. Humoud alipewa likizo ya siku kumi, na siku ya nne ikaja Landrova kumwita arudi. Viua kumi na tisa vilikuwa bado vitupu, vyote upande mmoja, juu ya sikio.

"Nipe hivyo hivyo," Humoud alisema. "Ntamalizia mwenyewe."

"Wewe? Utajishona sikio."

Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mumewe. Siku arubaini na kitu alikuwa akiyajutia.

Na leo viua vyote kumi na tisa vimejazwa.

Bi Turkiya alikaa kizingitini na kokwa za tende mapajani, akihesabu. Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku ya habari, na kwa hesabu hiyo Bi Turkiya hakubali kukosolewa hata na kadhi.

"Bi Turkiya."

"Labeka."

"Umehesabu tangu lini?"

"Tangu siku aliyokufa, tangu lini tena? Idd, Mfungo Mosi mwezi mosi, ndiyo siku ya kwanza. Mwezi nne kaondoka, siku mbili njiani, siku ya tatu yake kambini ni mwezi tisa. Leo Mfungo Pili mwezi ishirini. Arubaini zimeshapita, imekubakia miezi mitatu. Wengine hawana bahati hiyo."

"Na kama si mwezi tisa?"

Mkono wa Bi Turkiya ukasita juu ya kokwa. "Unasemaje?"

"Kama siku siyo?"

"Siku ikiwa siyo, eda siyo. Unanambia mie nimehesabu kombo?"

"Sikwambii wewe." Shukriya alimeza mate. "Mjukuu wako ulimfundisha kushona viua. Kiua chake cha kwanza kilimchukua muda gani?"

"Yule? Alikianza Jumatatu, kikesha Jumatano, na damu yake imo humo mpaka leo."

"Na kumi na tisa?"

Bi Turkiya aliinuka. Alizimwaga kokwa mkekani, akauchomoa ufunguo kifuani, akafungua sanduku. Akaipeleka kofia kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza, akaisogeza mpaka puani.

"Uzi wa kijani," alisema. "Labda kashona askari mwingine."

"Tazama unakozungukia."

"Unakwenda kushoto." Akaigeuza tena. "Huyu mtu wa mashoto."

"Nani wa mashoto nyumba hii?"

"Humoud," Bi Turkiya alijibu polepole.

"Mimi nilijaribu kumfundisha, juu ya dari, tulipokuwa tunaanika tende. Nikimwelekeza kulia, yeye huzungusha kushoto. Sasa kitazame hiki cha kwanza."

"Kibaya. Kama jicho lenye chekea."

"Na cha mwisho?"

Bi Turkiya alikipapasa kwa kidole gumba. Kiua cha mwisho kilikuwa mviringo, kimekaza, hata yeye angelipewa sifa kwa kiua kile. Kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho ulikuwa unaona mtu anajifunza, siku hadi siku.

"Astaghfirullah!" Bi Turkiya alikaa kitako kwa kishindo. "Nimekukalisha eda ya mwezi tisa, na mtu mwezi tisa alikuwa hajajua hata kutunga uzi sindanoni!"

"Ndivyo nilivyokuwa nataka kumwambia mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Mkanambia nilie!"

Bi Turkiya alishajifunga kanga kiunoni, aende kumuuliza Ghanim. Asingekubali maisha yake yote asikie mtaani kwamba alimkalisha mtu eda ya siku ya uongo.

Ghanim alikuwa nje, kandoni mwa falaji, mkoba wake mwenyewe miguuni, akingoja Landrova ya kumrudisha kambi ya Nizwa baada ya alasiri. Hakuwa ndani na waliokuja kuhani kwa sababu mama yake hakumtaka ndani. Juzi alimsikiliza kwenye sabla, chumba cha wanaume cha mbele, kama anavyosikilizwa mpita njia, kisha akamgeuzia mgongo. Siri haikuwapo, mtaa mzima ulijua: Ghanim alitangulia jeshini, mdogo wake akafuata, na Bi Wadha aliamini Ghanim ndiye aliyemshawishi. Mwaka na nusu sasa. Kila asubuhi, kahawa ikishamiminwa, huinua mikono: "Aliyemtia mwanangu jeshini, ya Rabbi, nawe mwonjeshe uchungu wangu." Na nyumba nzima huitikia: amina.

Bi Turkiya alirudi mbio mbio.

"Kasema siku ni ile ile. Mwezi tisa."

"Basi?"

"Basi nini? Kanijibu huku anatazama maji. Mie mtu mwenye hesabu yake hunitazama machoni."

"Mwite."

"Nani? Shemejiyo? Mwana we, umo edani! Yule si maharimu wako."

"Aje nyuma ya mlango wa uwani. Nawe uwepo."

"Khaa! Mwaka wa pili huu hukumpa yule mwanamume hata sabalkheri. Leo umo edani ndio unamtaka mazungumzo?"

"Ndiyo."

Bi Turkiya alimtazama kama anayemwona siku hiyo. Kisha akatazama upande wa mbele, ambako sauti za wanawake zilikuwa zikisoma pamoja.

"Kwa ajili ya tarehe," alisema. "Kwa ajili ya tarehe tu, wallahi."

Mlango wa uwani ulikuwa wa mbao nene, na chini yake mwanya wa vidole vitatu. Shukriya aliviona viatu vya jeshi vikija na kusimama.

"Shikamoo, shemeji."

Viatu vilishtuka. "Marahaba. Poleni."

"Ulimwona?"

"Nimeshamwambia mama yote."

"Nambie na mimi. Kaburi lake liko wapi?"

"Huko bondeni. Chini ya mti."

"Mti gani?"

"Mti, shemeji! Mubani. Huko kuna miti gani tena?"

"Juzi ulimwambia mama hapana hata mti. Ulisema jua tupu, mkaweka mawe."

 Bi Turkiya alitia kidole mdomoni.

Shukriya aliinama, akaipitisha kofia kwenye ule mwanya. Mkono wa upande wa pili ukaipokea.

"Hii ilikuwamo mkobani," alisema. "Aliondoka nayo haijesha. Kaimaliza yeye, kwa mkono wake wa mashoto. Siku tatu hazitoshi, shemeji. Wiki tatu ndizo zinazotosha. Hukuuangalia mkoba?"

"Sikuweza kuufungua."

Mara ile viatu vikasogea, mgongo ukateleza kwenye mlango, na Ghanim akakaa chini mavumbini. Alipozungumza, sauti ilitokea chini, karibu na mwanya.

"Sikumwona," alisema. "Wala kaburi sikuliona. Mkoba nilipewa na dereva wa lori. Walishambuliwa alfajiri, watu wakatawanyika majabalini, wengine wakachukuliwa kwa ndege, wengine hawakuonekana. Mkoba ulikutwa umelala. Nimeuliza jina lake kwa waliokufa, halimo. Kwa majeruhi, halimo. Nimeuliza wiki mbili mpaka wakanichoka."

"Basi kwa nini ukasema kafa?"

"Kwa sababu ya ile bakora!"

Shukriya aligeuka. Kutoka pale alipoinama aliiona, imesimamishwa pembeni mwa mlango wa chumba cha Bi Wadha: bakora ya Bwana Khalaf, baba yao Humoud na Ghanim. Asubuhi ya mapinduzi mzee yule alitoka nyumbani kwao Unguja kwenda kumtazama ndugu yake dukani, akaiacha bakora kwa haraka. Hakurudi. Maiti yake haikuonekana, mtu aliyemwona hakupatikana. Bi Wadha aliondoka na watoto wawili na bakora ile, na tangu hapo kila Alhamisi huipaka mafuta ya nazi.

"Miaka kumi, shemeji," ilisema sauti ya chini. "Mama si mke, si mjane. Ukibisha hodi unamsikia anajiweka sawa ukaya. Miaka kumi hajakaa eda hata siku moja, kwa kuwa hapana aliyemletea neno. Nikasema safari hii neno ntamletea mimi. Alie mara moja, kishe. Na wewe ukae eda yako utoke, uolewe, uende zako."

Uende zako. Wapi?

Msomaji, binti huyu alikuwa hajawahi kumkasirikia mtu mzima maishani mwake. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma.

"Nani kakwambia nataka kwenda zangu?" alisema. "Mnanisemea! Nyote mnanisemea. Mmoja ananambia nilie, mmoja ananambia nitapoa, wewe unaniozesha. Mume wangu kapotea, hamjui alipo, na mmenikalisha chini mnagawa nguo zake!"

"Taratibu," Bi Turkiya alisihi. "Wenzako wanasoma."

"Rudi ukamtafute, shemeji."

"Mie sasa niko Nizwa. Kurudi kusini lazima nijitolee."

"Jitolee."

"Bila ya radhi ya mama?" Ghanim alicheka, kicheko kikavu. "Kule hata mwizi wa mbuzi haendi bila ya radhi ya mama yake. Humoud alikwenda nayo. Mama alilia wiki nzima, lakini alimtolea. Mie mara ya mwisho nilikwenda bila, na kila risasi iliyopita nilidhani ina jina langu. Siendi tena hivyo."

"Muombe."

"Nimuombe nini? Nyumba hii sipewi hata maji, ntapewa radhi?"  Kisha akasema kwa upole, na upole ule ulimchoma Shukriya kuliko ukali: "Unajua mwenyewe nani aliyemtia Humoud jeshini. Nami najua. Alinapisha, na sitosema. Mwaka na nusu nabeba, na ntabeba. Lakini usinambie nimuombe radhi mama na mzigo huo kichwani."

Shukriya aliganda. Bi Turkiya alimtazama yeye, akautazama mlango, akamtazama tena.

"Mzigo gani?" aliuliza.

Honi ya Landrova ikalia mara ya kwanza.

"Mzigo gani?" ikauliza sauti nyingine, nyuma yao.

Bi Wadha alikuwa amesimama katikati ya uwa, tasbihi mkononi. Alimwona mjane wa mwanawe kapiga magoti mlangoni. Aliviona viatu.

"Tulikuwa tunasahihisha tarehe!" Bi Turkiya alisema haraka.

"Mkamwana wangu anazungumza na mwanamume edani, siku ya pili, watu wamejaa nyumbani?" Bi Wadha hakupaza sauti. Mtu mwenye kuwaka hivyo hahitaji kupaza. "Nani huyo nje?"

"Mimi, mama," Ghanim alijibu.

"Wewe! Hukutosheka?"

"Mama, fungua mlango, nikwambie uso kwa uso."

"Sema hapo hapo."

Akasema. Alisema yote, kwenye mwanya wa mlango: dereva, mkoba, majina yasiyokuwamo. Alisema hakuona kaburi. Hakutaja bakora. Shukriya alisubiri aitaje, ajitetee, na hakuitaja.

Bi Wadha alisikiliza bila ya kutikisika. Kwanza kitu kama nuru kilimpita usoni: labda yu hai. Nuru ile haikukaa. Ilipozimika, kilichobaki kilimfanya Bi Turkiya arudi nyuma hatua mbili.

"Ulimtia jeshini," alisema Bi Wadha. "Kisha ukanizikia naye angali hai. Nimempokea mkono wa pole kila mwanamke wa Ibra! Nimemsomea mwanangu hitma!"

"Mama, nilidhani..."

"Usinite mama."

Honi ikalia mara ya pili, ndefu.

"Mama, nitolee radhi nirudi kusini," Ghanim alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayejua jibu. "Ntamtafuta mpaka nijue. Nitolee radhi tu."

"Radhi?"

Bi Wadha akaitupa tasbihi begani. Akainua mikono yote miwili, viganja juu, kama anavyoinua kila asubuhi. Lakini asubuhi hatajwi mtu kwa jina.

"Ya Rabbi," alisema, "huyu Ghanim niliyemzaa mimi, nikamnyonyesha mimi..."

"Wadha, usiseme!" Bi Turkiya alipiga kelele. "Wadha, hilo likishatoka halina pa kurudia!"

"...mimi kwake..."

Shukriya alikwishajua neno linalofuata. Likitamkwa, Ghanim atapanda Landrova bila ya radhi, na kusini hatakwenda. Hapatakuwa na mtu wa kuuliza tena jina la Humoud. Humoud atakuwa bakora ya pili ndani ya nyumba ile, na yeye, Shukriya, ndiye atakayeipaka mafuta kila Alhamisi.

Na lau angesema yeye lile lake? Angelala wapi leo? Mjomba yuko Sur na watoto saba. Unguja hana karatasi za kurudia. Mama yake hana karatasi za kujia. Yote aliyokuwa nayo yalikuwa ndani ya uwa ule, na kwa neno moja angeyapoteza.

Aliruka. Aliishika mikono ya mama mkwe wake, akaiteremsha kwa nguvu, mikono ya mtu mzima katikati ya dua, jambo ambalo hapana aliyewahi kulifanya nyumba ile. Tasbihi ikaanguka. Bi Wadha alitweta kwa mshangao.

"Umeingiwa na nini wewe?"

"Si yeye, mama."

"Niachie!"

"Si yeye!" Sauti ilimtoka kubwa, mpaka huko mbele kisomo kikakatika. "Ghanim alimkataza! Alimkataza mara tatu, tena kwa ukali. Humoud mwenyewe alikuwa hataki, alikuwa anataka kubaki na mitende yake."

"Shemeji, nyamaza," Ghanim alisema nje ya mlango. "Shemeji, basi."

"Sinyamazi. Mimi nilinyamaza vya kutosha." Mikono ya Bi Wadha hakuiachia. "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Mimi, mama. Nilisikia askari akimwombea mkwewe karatasi husikizwa. Nikamwambia, kama unanipenda, kaandikishe jina. Akaniuliza, una hakika? Nikasema ndiyo. Nilikuwa namtaka mama yangu. Nilikuwa nataka aje hapa aniite nikaanue nguo, basi, hilo tu. Nikampeleka mwanao vitani kwa hilo."

Honi ikalia mara ya tatu, na hapana aliyeisikia.

Uso wa Bi Wadha ulikuwa karibu na wake, pumzi kwa pumzi. Shukriya alitaka kukomea hapo. Lakini kulikuwa na moja limebaki, lile ambalo hata moyoni alikuwa akilisema kwa kujificha, kila asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Na kila ulipoinua mikono, mama, ukamwapiza aliyemtia mwanao jeshini, ulikuwa unaniapiza mimi. Na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, naitikia amina."